Mama hataki kurudi kliniki kubwa: ana hoja, na bado inabidi arudi

Swali: Shikamoo daktari. Naishi na mama yangu Gongo la Mboto. Ana miaka 66, ana sukari na presha kwa miaka tisa sasa. Alikuwa anahudhuria kliniki ya hospitali kubwa mjini, yenye madaktari bingwa na vipimo vyote, lakini tangu Ramadhani iliyopita amegoma. Anasema pale hawamwangalii hata usoni, na mara ya mwisho alifokewa mbele ya watu kwa sababu sukari ilikuwa juu. Sasa anakwenda zahanati ya hapa mtaani. Kuna tabibu mmoja mtu mzima, anamjua kwa jina, anamsikiliza, anamuuliza hata habari za wajukuu. Nyumbani tumegawanyika. Kaka anasema mama anadeka, hospitali si mahali pa kubembelezwa, cha muhimu ni utaalamu. Mimi sina uhakika. Je, vitu wagonjwa wanavyovipenda kwa daktari vina uzito wowote kitabibu, au ni mambo ya moyoni tu? Na kwa mama nifanyeje?

Jibu: Marahaba, binti. Nianze na jibu fupi, ili na kaka yako apate la kujadili leo leo: mama hadeki. Kuangaliwa usoni, kutofokewa, kujulikana kwa jina, kusikilizwa hadi mwisho, yote hayo yana uzito wa kitabibu. Na kwa mgonjwa wa sukari uzito wake ni mkubwa kuliko kwa mgonjwa wa malaria anayemeza dozi ya siku tatu na kuendelea na shughuli zake. Lakini zahanati peke yake haimtoshi. Kuna vipimo ambavyo mwili wake unavihitaji na pale mtaani havipo. Nitavifikia.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Kliniki za sukari na presha ndiyo kazi yangu ya kila wiki hapa Dar es Salaam, na nafundisha madaktari wanafunzi. Swali lako ndilo ninalojaribu kuwajibu wao kila siku, maana wengi huingia kazini wakiamini kwamba tabia njema ni kitu cha ziada, ukipata nafasi utaifanya, usipopata basi.

Sukari na presha ni magonjwa yanayotibiwa nyumbani. Daktari anamwona mama dakika chache kila mwezi au kila miezi mitatu. Siku zote zilizobaki daktari ni yeye mwenyewe: ameze au asimeze, ugali uwe kiasi gani, chai iwe na sukari au isiwe nayo, aseme au anyamaze kwamba usiku nyayo zinawaka moto. Daktari asipoyapata hayo kutoka mdomoni mwake, anatibu karatasi ya maabara. Na mtu hamwelezi ya ndani ya nyumba yake mtu asiyemwangalia.

Nikupe mfano mmoja, maana unaeleza zaidi ya maneno yangu. Mama mmoja wa rika la mama yako alikuwa akija kliniki kutoka Chanika. Presha yake ilikuwa juu kila alipokuja, na kila alipokuja aliongezewa dawa, hadi kwenye faili zikawa aina nne. Siku hiyo mwanafunzi wangu alimpima, akaikuta juu vilevile, akashika kalamu aandike ya tano. Nikamwomba aiweke chini, avute kiti, amuulize mama jambo moja tu: leo amemeza nini na saa ngapi. Mama akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, akacheka kwa aibu. "Ile ya kukojoa siimezi siku ya kuja huku, dokta. Kule hadi hapa ni magari mawili, nikibanwa njiani nitashukia wapi?" Na zile nyingine? Hizo humeza baada ya chakula, na aliambiwa aje bila kula kwa sababu ya kipimo cha sukari. Kwa hiyo hakuwa amemeza hata moja. Siku ya kliniki ndiyo siku pekee presha yake ilipopimwa, na ndiyo siku pekee ambayo mwilini mwake hamkuwa na dawa.

Dawa ya tano ingemwangusha bafuni siku ambayo angezimeza zote. Hakuna mashine pale hospitalini ambayo ingeligundua hilo. Liligunduliwa na swali lililoulizwa kwa sauti ya kawaida na mtu aliyeketi.

Kwa hiyo sasa mwulize mama jambo ambalo nadhani kule kliniki hakuulizwa. Umetaja Ramadhani. Je, alifunga? Mgonjwa wa sukari akifunga, ratiba yote ya dawa inapinduka: ya asubuhi anaihamishia daku, ya mchana anaiacha, kisha magharibi anafuturu kwa tende, uji wenye sukari, tambi na kaimati. Sukari ikipimwa wiki hiyo itakuwa juu, na mchana mwingine inaweza kushuka hadi akatetemeka na kutokwa jasho. Daktari anayefoka "mama, hufuati masharti" ameziba mlango wa habari hiyo. Mama atanyamaza, kwa sababu akisema alifunga anaona atafokewa mara ya pili, na safari hii kwa ajili ya dini yake. Daktari anayeuliza kwa utulivu atajua, na mwaka unaofuata atakaa naye mwezi mmoja au miwili kabla ya mfungo, wapange dozi upya au amweleze kwa heshima kwa nini hali yake haimruhusu kufunga. Hapo upole na utaalamu ni kitu kimoja. Sijui namna ya kuvitenganisha.

Kaka yako akisema wagonjwa wanataka kubembelezwa tu, mwambie Watanzania walikwisha kuulizwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kasulu, mkoani Kigoma, kwa wanawake zaidi ya 1,000 wa vijijini. Waliwekewa mbele yao vituo vya kufikirika vya kujifungulia, hiki kiko karibu lakini kina kasoro hii, kile kiko mbali lakini kina sifa ile, wakachagua wangekwenda wapi. Ungetarajia maskini wa kijijini achague kilicho karibu na cha bei nafuu. Mambo mawili yaliyobeba uzito kuliko mengine yote yalikuwa mtoa huduma mwenye heshima, na kuwepo kwa dawa na vifaa. Yalikwenda pamoja. Wale kina mama hawakusema tupeni upole mtunyime vifaa, wala tupeni vifaa mtutukane. Mama yako naye hajakataa utaalamu. Amekataa kuununua kwa heshima yake.

Nirudi kwenye lile neno la kuangaliwa usoni. Wengi wanalichukulia jambo dogo. Ukikaa kwenye benchi la kliniki yoyote kubwa ya Dar es Salaam asubuhi, tazama mgonjwa mzee anavyoingia. Anatangulia kusema "shikamoo, dokta", kwa kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Kijana anajibu marahaba bila kuinua macho, anaendelea kuandika. Kwa mila zetu hapo tayari limeharibika jambo ambalo dawa hairekebishi. Nawaambia wanafunzi wangu watangulie wao: inua uso, mwamkie mzee, mwite mama au baba na jina lake lilivyo kwenye faili, kisha ndiyo ushike kompyuta. Inachukua sekunde chache, na nimeona wazee ambao faili lao limejaa "hana tatizo" wakianza kueleza matatizo matatu kwa mpigo kwa sababu tu wameamkiwa.

Na kukaa. Kwenye raundi za wodini daktari husimama miguuni pa kitanda, kundi zima la makoti meupe nyuma yake, wanazungumza kwa lugha ambayo mgonjwa haielewi, halafu wanahamia kitanda kinachofuata. Kule Kansas, Marekani, walichapisha mwaka 2012 jaribio dogo na rahisi: daktari yule yule wa upasuaji aliwatembelea baadhi ya wagonjwa akiwa amesimama na wengine akiwa ameketi. Waliotembelewa na daktari aliyeketi walihisi alikaa nao muda mrefu zaidi, ingawa kwa saa ya mkononi hakuongeza muda wowote. Kiti cha plastiki hakihitaji bajeti ya wizara.

Sasa tufike kwenye kusikilizwa, maana ndipo kaka yako atakapotoa hoja yake ya nguvu: daktari ana wagonjwa lukuki nje, akiwasikiliza wote watalala pale. Ni hoja ya kweli nusu. Foleni inaanza kabla jua halijapanda. Daktari lazima ajaze kila kitu kwenye mfumo, la sivyo bima hailipi, na wakati huo huo muuguzi anamwita wodini. Nayajua hayo kwa sababu ndimo ninamoishi. Lakini kuhusu muda wa kusikiliza tunadanganywa na hofu. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta kwa wastani daktari anamkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18, na wengi hawakurudi tena kwenye walichokuwa wanakisema. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, madaktari wa Basel, Uswisi, walijaribu kinyume chake: waliwaacha wagonjwa zaidi ya 300 waseme hadi wamalize wenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili.

Dakika moja na nusu. Hiyo ndiyo tunayoibania, kisha tunapoteza dakika kumi mwishoni, pale mgonjwa anapoinuka, ameshika kitasa cha mlango, anageuka na kusema "halafu dokta, kuna jambo jingine". Na hilo jingine ndilo lililomleta. Kwa wanaume wenye sukari mara nyingi ni nguvu za kiume. Kwa kina mama mara nyingi ni muwasho sehemu za siri, ambao unatokana na sukari hiyo hiyo na una dawa. Husemwa mwisho kabisa, au hausemwi.

Hausemwi pia kwa sababu ya faragha, na hapa sitapita haraka, maana wagonjwa wa jiji hili wanaumizwa sana na jambo hili na madaktari wengi hatulioni tena. Chumba kimoja kina meza mbili, madaktari wawili, wagonjwa wawili, na wa tatu amesimama mlangoni na kadi yake mkononi ili asipitwe. Daktari anauliza kwa sauti, "Kipimo cha mkojo ulikipeleka? Unajikojolea?" Mama wa miaka 66, ambaye aliyekaa meza ya pili anaweza kuwa jirani yake wa Gongo la Mboto, atajibu hapana. Nani angejibu ndiyo? Mama yako alifokewa mbele ya watu. Kwa daktari lile lilikuwa sentensi moja kati ya mia za siku ile. Kwa mama lilikuwa ni kuanikwa. Kama hospitali haina vyumba, sauti inaweza kushushwa, mlango unaweza kufungwa, yule wa kwenye mlango anaweza kuombwa akae kwenye benchi. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya namna hiyo, na inawezekana.

Kuna jambo jingine wanalolithamini wagonjwa, nalo ni kuambiwa. Watu wanatoka hospitalini na bahasha za vidonge bila kujua kidonge kipi ni cha nini. Wanaambiwa "nenda kapime", wanalipa, wanatobolewa, majibu yanasomwa kimyakimya kwenye kompyuta, wanaandikiwa dawa. Jibu la kipimo ambacho amekilipia kwa hela yake hajalisikia. Basi anakwenda kuuliza dirisha la dawa, au jirani, au kijana wa duka la dawa la mtaani, na huko ndiko matibabu yake yanakopangwa upya. Metformin, kwa mfano, ile ya sukari ambayo karibu kila mgonjwa wangu anaitumia, mwanzoni inaweza kuvuruga tumbo na kuleta kuharisha. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo mapema, akaambiwa ameze pamoja na chakula na kwamba kwa wengi hali hutulia baada ya muda, anavumilia au anarudi kuuliza. Ambaye hakuambiwa anaamini dawa imemkataa, anaiacha, na kwenye kliniki inayofuata anasema anameza, kwa sababu hataki ugomvi. Vivyo hivyo kikohozi kikavu cha baadhi ya dawa za presha kama enalapril. Nimekutana na watu waliopimwa makohozi, wakapewa dawa za kifua duru baada ya duru, kumbe sababu iko kwenye bahasha ya presha.

Na mitishamba. Mama yako anatumia nini? Mlonge, mdalasini, maji ya bamia, unga alionunua Kariakoo kwa mtu mwenye spika? Sikulaumu wewe wala yeye. Nataka tu ujue kwamba mgonjwa aliyewahi kufokewa kwa ajili ya mitishamba hataitaja tena maisha yake yote, na baadhi ya vitu hivyo hushusha sukari juu ya dawa anazomeza, au huchosha figo.

Utajiuliza, kama watu wanatendewa hivi mbona hawalalamiki? Masanduku ya maoni yapo kila ukuta na hayana kitu. Jibu moja zuri lilipatikana hapa hapa Dar es Salaam, katika utafiti wa huduma za uzazi uliochapishwa mwaka 2016. Kina mama waliojifungua katika hospitali moja waliulizwa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani kama walitendewa vibaya au kudharauliwa. Kama 15 kati ya 100 walisema ndiyo. Kundi dogo zaidi la kina mama likafuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa mambo hayo hayo. Waliosema ndiyo walifika 70 kati ya 100. Getini mtu anashukuru. Ametoka salama, mtoto yu hai, na anajua huenda akarudi mikononi mwa watu wale wale. Akifika kwake, amepumzika, ndipo anasema. Kwa hiyo daktari anayejipima kwa "hakuna aliyelalamika" anajipima kwa kipimo kibovu. Wagonjwa wetu hawalalamiki, wanahama. Mama yako amehama.

Kwa sukari hasa, ushahidi upo. Huko Parma, Italia, mwaka 2012 walitoa matokeo ya wagonjwa wa sukari karibu 21,000 waliokuwa chini ya madaktari 242. Kila daktari alipimwa kwa maswali jinsi anavyojali kuielewa hali ya mgonjwa kwa upande wa mgonjwa mwenyewe. Kisha wakahesabu ni wagonjwa wangapi walilazwa kwa madhara ya ghafla ya sukari, pamoja na kupoteza fahamu. Kwa madaktari wenye alama za juu walikuwa 4 kwa kila 1,000. Kwa wenzao wa kati na wa chini walizidi 6. Na wote walikuwa nchi ile ile.

Na lile la tabibu kumjua mama kwa jina nalo lina uzito wake. Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walikusanya tafiti 22 kutoka nchi mbalimbali zilizochunguza wagonjwa wanaoonwa na daktari yule yule mwaka hadi mwaka. Katika 18 kati ya hizo, waliodumu na daktari mmoja walikuwa na vifo vichache. Anayekujua anaona umekonda kabla mzani haujasema. Anajua kwamba ulipofiwa uliacha dawa. Kwenye kliniki kubwa mama hukutana na sura mpya karibu kila safari, leo daktari wa mafunzo, mwezi ujao mwingine, na kila mmoja anaanza faili ukurasa wa kwanza, au haanzi kabisa.

Hadi hapa nimemtetea mama. Sasa nimtetee kaka yako, maana naye ana lake.

Mgonjwa kufurahi si ushahidi kwamba ametibiwa vizuri. Marekani, mwaka 2012 huo huo, walifuatilia watu zaidi ya 50,000, na walioridhika zaidi na madaktari wao walilazwa zaidi, walitumia fedha nyingi zaidi kwenye dawa, na walikufa zaidi. Utafiti huo hausemi upole unaua. Unatuonya kwamba kumridhisha mtu na kumtibu ni kazi mbili. Hapa kwetu tunalijua hilo kwa sura yake: mtu hajaridhika mpaka apewe sindano au atundikiwe dripu, mafua ya siku mbili anataka antibiotiki, na akipimwa mahali pengine haondoki bila taifodi na UTI. Yuko mtoa huduma anayempa yote hayo kwa tabasamu, na watu wanamsifu mtaa mzima. Kwa hiyo usimpime tabibu wa mama kwa wajukuu anaowaulizia. Mpime hivi: je, amewahi kumwambia mama jambo ambalo hakutaka kulisikia? Anampima presha kila mara, au anajaza dawa tu? Amewahi kumvua viatu akatazama nyayo na katikati ya vidole? Na ilipotokea jambo lililomzidi, alisema "hili limenizidi, nenda kwa wenzangu"? Akiwa anayafanya hayo, mna bahati, mshikilieni. Kama kazi yake ni kumchekea na kumwandikia, upole wake ni hatari kuliko ukali wa kule mjini.

Na hata akiwa mzuri namna gani, hana vifaa. Mama akiwa na sukari ya miaka tisa anahitaji, angalau mara moja kwa mwaka, kutazamwa nyuma ya macho na wataalamu wa macho, kwa sababu sukari huharibu pale huku mtu bado anaona vizuri. Anahitaji figo zipimwe kwa damu na mkojo, kwa sababu figo nazo hazipigi kelele. Na anahitaji kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ili tuache kumhukumu mtu kwa sukari ya asubuhi moja. Haya ndiyo ya hospitali kubwa.

Basi msimlazimishe achague. Presha, ushauri wa kila mwezi na miguu vibaki zahanati, kwa mtu anayemwamini. Hospitali kubwa iwe ya vipimo hivyo na ya kupanga dozi, na hiyo huwa ni safari chache kwa mwaka. Mwombeni tabibu aandike barua ya rufaa yenye historia fupi, dawa zote na anachoomba kifanyike. Mgonjwa anayeingia na barua ya mwenzetu hupokelewa tofauti, nasema kwa uzoefu. Majibu ya hospitali yarudi zahanati kwa karatasi, mkipiga picha na simu kabisa.

Siku ya kwenda, nenda naye wewe, au huyo kaka. Uliza pale mapokezi ni daktari gani hukaa kliniki siku zipi, kisha mrudi siku ya yule yule kila mara. Kuna hospitali zinazokubali ukiomba kwa adabu. Ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo ulizeni dirisha la wazee. Bebeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, na zile za miti shamba, mziweke mezani. Andikeni karatasi yenye mambo matatu, lile linalomwogopesha mama zaidi likiwa la kwanza, na mlitaje kabla hamjaulizwa chochote. Wewe utakuwa na hamu ya kumjibia, usimjibie. Daktari akikugeukia na kuuliza "mama anasemaje?", mwelekeze kwa mama. Mkimaliza, mama arudie kwa maneno yake atakunywa nini na lini, akiwa bado mbele ya daktari. Na kama kuna swali la aibu, mama anaweza kusema wazi: "Dokta, naomba tuongee wawili." Wewe utoke.

Kama aliambiwa aende bila kula, ulizeni mapema dawa za sukari azifanyeje asubuhi hiyo. Asimeze dawa ya kushusha sukari na tumbo tupu kisha akae foleni hadi saa saba. Mwe na chai, mkate na kitu chenye sukari kwenye mkoba, ale mara tu damu ikishachukuliwa.

Akifokewa tena, msigombane mlangoni. Mwambie daktari kwa sauti ya chini: "Tumekuja kwa sababu sukari imepanda, tusaidie tujue kwa nini." Wengi hushtuka na kubadilika, kwa kuwa wengi hawafoki kwa ubaya, wamechoka na wamezoea. Isiposaidia, hospitali nyingi za serikali zina mganga mfawidhi na ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni na tarehe na chumba, si na hasira. Kwa jambo zito la maadili lipo Baraza la Madaktari Tanganyika.

Moja la kufanya leo usiku, kabla ya yote hayo: mvue mama viatu kwenye mwanga mzuri, tazama nyayo na kila katikati ya kidole. Mguse kidole gumba cha mguu akiwa amefumba macho, umuulize kama anahisi. Ukikuta kidonda, lengelenge, sehemu nyeusi au yenye joto kuliko mguu wa pili, msisubiri siku ya kliniki wala foleni ya tabibu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.